Sabuni Iliyokomaa Ghalani kwa Baba Mkwe

Ninyi mabinti wa Makwale, pamoja na wale wavulana wawili ambao nasikia nao wamejiunga na kikundi chenu cha sabuni, nina ugomvi nanyi. Mnakoroga sabuni Jumatatu, Jumatano mmeshaikata, Jumamosi imo kwenye simu, imepigwa picha juu ya jani la mgomba na maneno yake chini: Sabuni ya asili, karibuni wateja. Inang'aa kweli. Inang'aa kwa sababu ni mbichi. Mimi nimekoroga sabuni hapa Kyela miaka thelathini na zaidi, na nimeacha kwa sababu mabega yamegoma. Mdomo bado unafanya kazi vizuri, kwa hiyo mtanivumilia.

Kukoroga kunafundishika kwa siku moja. Ukishajua kupima mafuta na kupima kostiki, ile dawa kali inayounguza, ukajua kwamba kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji na si maji kwenye kostiki, ukavaa viatu na ukafukuza kuku, umeshajua. Kazi yenyewe inaanza siku unapoitoa sabuni kwenye kasha na kuikata vipande, maana kuanzia hapo huna la kufanya ila kungoja, na kungoja kumewashinda watu hodari kuliko ninyi. Halafu tazameni tunangojea wapi. Mvua yetu haina adabu ya kunyesha na kuondoka. Ikikatika, ziwa nalo linapandisha unyevu wake, sakafu inaloa bila mtu kumwaga maji, na chumvi ya jikoni inageuka tope. Mtu wa Dodoma anaweza kuisahau sabuni dirishani akaikuta imekauka. Sisi huku hata kiberiti tunakianika.

Sabuni yangu ya kwanza niliitunza kama dhahabu, na ndivyo nilivyoiua. Niliitia kwenye mfuko wa nailoni, nikafunga mafundo mawili, nikaisukuma chini ya kitanda ili vumbi lisiiguse. Baada ya wiki mbili nikafungua. Vipande vyote vilikuwa vimeshikana, vinateleza, vimetoka jasho kama mtu mwenye homa. Kwa kuwa nilikuwa kijana na mbishi, nikavitenganisha kwa kisu nikaenda kuviuza Itungi, kwa wake za wavuvi. Juma lililofuata mmoja wao akanisimamisha njiani.

"Mama, ile sabuni yako niliiacha kwenye kisahani nikaenda kuchota maji," akasema. "Niliporudi ilikuwa imeshaoga yenyewe, imeondoka."

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka, lakini nililisikia somo. Sabuni mbichi ina maji mengi ndani yake, na maji hayo lazima yapate njia ya kutokea. Ukiifungia kwenye nailoni maji yanatoka, yanakosa pa kwenda, yanairudia. Nailoni ni ya sabuni iliyokwisha kukomaa, tena kwa kusafirishia tu. Kabla ya hapo ni kuinyonga.

Aliyenifundisha kungoja alikuwa Mama Zuhura, mfanyabiashara wa Kasumulu ambaye nusu ya ndugu zake wako ng'ambo ya mto, Malawi. Alikuwa akiuza sabuni pande zote mbili na kugombana na wateja kwa lugha tatu. Nilimpelekea kipande changu akitazame. Hakukitazama. Alikigusa kwa ncha ya ulimi, akatema mate pembeni, akanirudishia.

"Gusa na wewe," akasema.

Nikagusa. Ikanichoma kama vile ulimi unapogusa betri ya tochi.

"Umeuza hiyo?"

"Nimeuza."

"Basi kuna watu wana vidonda mikononi na wanakutaja kwenye dua zao," akasema. "Sabuni ni mzazi, mwanangu. Mwanamke akijifungua hatolewi nje siku ya tatu akabebeshwa ndoo. Anakaa ndani arobaini, anapata hewa, anahudumiwa. Na sabuni ni hivyo hivyo. Siku arobaini, na kila siku uigeuze."

"Na mvua ikinyesha siku zote arobaini?"

"Hesabu hamsini."

Hilo la ulimi nawaomba msilidharau kwa sababu mna vipimo vya karatasi. Karatasi ikilowa inadanganya, ulimi hata ukilowa haudanganyi. Ila mguse kidogo na msuuze mdomo, msije mkasema bibi ametuunguza.

Kujua kungoja ni jambo moja, na kujua mahali pa kungojea ni lingine. Mwaka wa pili nikawa na akili nyingi. Nikajiambia: ni kitu gani hapa nyumbani kinachokaa kikavu mvua yote? Mchele. Na mchele unanyonya unyevu, kila mtu anajua. Nikavifukia vipande vyangu ndani ya gunia la mchele la mama mkwe wangu, kimoja baada ya kingine, nikafunga, nikaenda kulala nikijisifu. Nilikuwa nimetia mchaichai kwenye sabuni hiyo, tena kwa mkono mzito.

Mnajua mchele wetu. Watu wa mbali wanaununua kwa harufu yake. Basi wageni wa kanisa walikuja, mama mkwe akapika, na mimi nikiwa kisimani sikujua amechota kwenye gunia gani. Nilirudi nikawakuta mbele ya sinia, wanageuza matonge vidoleni. Mchungaji alikuwa mtu mwema, akala yote aliyopewa, akaomba maji mara tatu. Walipoondoka mama mkwe akanipeleka jikoni, akanishika bega.

"Mwanangu, wali wa Kyela unanukia wenyewe tangu zamani," akasema. "Hauhitaji kuogeshwa."

Hakulisema tena jambo hilo maishani mwake. Gunia zima tuliwalisha kuku, na nao mwanzoni walisita.

Mengine nitawapa haraka haraka, maana kila moja nimelilipia. Msianike sabuni juu ya bati wala sinia ya chuma, inashika kutu. Msiipange juu ya gazeti, kwa sababu wino unahamia. Mteja wangu mmoja alipata kipande chenye tangazo la kifo limeandikwa kinyumenyume, akakataa kuogea. Msiitie jua la moja kwa moja mkidhani ndio haraka, itapasuka nje na kubaki uji ndani. Msiiweke chumba kimoja na usipa, wale dagaa wa ziwani, hata kama usipa wenyewe mnadhani umekauka. Mawese ya zamani yaliyoanza kuchacha myaache, yatawaletea madoa ya rangi ya chungwa wiki ya sita, wakati mmeshaanza kufurahi. Na chumvi. Najua mnatia chumvi ili sabuni iwe ngumu. Kijiko kimoja sawa. Mkizidisha, hiyo chumvi ndiyo itakayoita maji kutoka hewani, na mtashangaa sabuni ngumu inalia machozi.

Masika ikifika, punguzeni maji ya kukorogea tangu mwanzo. Maji ambayo hamkuyatia hamtahangaika kuyatoa. Halafu kipande kimoja mkitie alama, mkipime kila wiki. Ninyi mna mizani za kidijitali. Mimi nilikuwa na ufito ulioning'inizwa kwa kamba katikati, sabuni upande huu na jiwe upande ule. Kila wiki jiwe lilizidi, nikatafuta jiwe dogo zaidi. Wiki ambayo jiwe halihitaji kubadilishwa, sabuni imekomaa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Baada ya ule mkasa wa wali nilijirekebisha, nikatengeneza sabuni nzuri kidogo kidogo, na akina mama wa kitongoji wakaanza kunisikiliza. Tukaunda kikundi. Tulikuwa kumi na mmoja bila mimi. Kila mmoja alileta mawese yake ya msimu, yale aliyoyakamua kwa mikono yake, na wengi wao hawakubakiza hata ya kupikia. Tukakoroga yote kwa siku mbili, vipande mia mbili na zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa fundi, kwa hiyo sabuni zilikaa kwangu. Na mkubwa wao alinieleza mapema, bila ukali, kwamba zikiharibika kikundi kimekwisha na mimi nitarudi kupandikiza mpunga kama watu wengine. Nilistahili kuambiwa hivyo. Hakuna mtu ambaye angenipa mafuta yake mara ya pili, na bila mafuta ya watu mimi nisingekuwa fundi wa kitu chochote.

Siku ya nane mvua ikaanza na haikukatika. Nyumba yangu ilikuwa ya matofali mabichi, iko bondeni. Maji yakasimama uani, ukuta ukanyonya mpaka usawa wa kiuno, na sabuni zangu juu ya kichanja zikaanza kutoka vitone. Niliwasha mkaa, nikafungua madirisha, nikafunga madirisha, nikazifuta kwa kitambaa moja moja. Asubuhi zilikuwa zimelowa tena. Mume wangu alikuwa akifanya kazi melini, yuko ziwani wiki nzima, na hata angekuwepo asingeweza kuzuia mvua.

Palikuwa na mahali pamoja tu pakavu, nami nilipaona kutoka mlangoni kwangu. Ni ghala la baba mkwe wangu, la mianzi mitupu, limeinuliwa juu ya nguzo, paa lake limeshuka chini na kuta zinapitisha upepo wa ziwani kama chujio. Humo aliweka kakao yake. Lakini mimi nisingeweza hata kuikanyaga ngazi yake.

Ninyi hamjui mambo haya, au mnayasikia kwa bibi zenu na kucheka. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe walikuwa hawaonani. Humtazami usoni, husemi naye, huingii alimo, hutaji jina lake. Mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Nilipoolewa nyumba nyingi zilikuwa zimeshaacha. Yake haikuwa imeacha, ingawa alikuwa mzee wa kanisa. Hata leo jina lake siliandiki hapa, si kwa hofu, ni mkono tu haujazoea. Nilikuwa nimeishi kwake miaka sita na nilimjua zaidi kwa kikohozi.

Nikamwendea mama mkwe. Tukaenda mpaka kwenye pengo la ua wa matete. Yeye akasimama katikati, mimi nyuma yake nimegeukia migomba, na mzee upande wa pili barazani kwake anachonga mpini wa jembe. Tulikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia kisu kikipita kwenye mti.

"Mzee," mama akasema, "mkwe wako ana sabuni zinaharibika kwa maji. Anaomba nafasi ghalani."

"Mwambie huyo mtu ghala ni la kakao."

Mama akanigeukia. "Anasema ghala ni la kakao."

"Nimesikia, mama. Mwambie ni mafuta ya akina mama kumi na mmoja."

"Anasema ni mafuta ya akina mama..."

"Mimi si kiziwi," mzee akasema. "Mwambie sabuni inanuka."

"Mwambie hainuki, mama, ni mchaichai."

"Mwambie huo mchaichai tuliula na wageni."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kisu kikaendelea kuchonga. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, zina shida gani hasa. Nikaueleza mgongo wa mama mkwe kila kitu: kwamba sabuni bado ina maji ndani, inataka upepo, isigusane na mwenzake, ipangwe upande ambao mvua haipigi, na igeuzwe kila siku mpaka arobaini zitimie. Nilisema sana. Nilipomaliza, kisu kilikuwa kimenyamaza.

"Mwambie huyo mtu," mzee akasema, "nilikuwa nakausha kakao kabla hajazaliwa."

Mama akanishika mkono tukaondoka. "Amekubali," akaniambia. Mimi sikuwa nimesikia kukubali popote.

Mama mkwe alizipandisha sabuni ghalani mwenyewe, tenga kwa tenga, akashuka magoti yamemvimba, akasema hatapanda tena mpaka Mungu amwite. Ikawa hivyo. Mimi siwezi kupanda, mama hawezi kupanda, na sabuni za watu ziko juu kwa mtu ambaye siwezi kumuuliza. Nilimwona akipanda kila asubuhi, lakini alikuwa akipanda kila asubuhi hata kabla, kwa ajili ya kakao yake. Nilipomtuma mama aulize, jibu lilikuja: "Mwambie huyo mtu aangalie mpunga wake." Akina mama walipita uani kwangu na kuuliza sabuni zetu zinaendeleaje, nami nikawajibu kwamba zinaendelea vizuri sana. Nilikuwa sijui. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kujifungua, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Siku ya arobaini, nami nimeisahau ile hamsini ya Mama Zuhura, akina mama walikuja na ndoo zao na matenga yao. Asubuhi ile mzee alitoka na jembe, akasimama uani, akasema kwa sauti kubwa bila kumtazama mtu: "Leo nakwenda shamba la mbali. Nitachelewa. Mwenye haja ya ghala na apande."

Nikasubiri mpaka kikohozi kimepotea njiani, nikapanda.

Ndani palikuwa pakavu. Sabuni zilisimama kwa ubavu juu ya fito, safu kwa safu, upande wa upepo. Kati ya kila kipande na mwenzake palikuwa na kijiti cha mwanzi kilichochongwa, vyote urefu mmoja, vyote vimelainishwa pande mbili visije vikakwaruza. Alikuwa amechonga vijiti zaidi ya mia mbili. Niligonga vipande viwili pamoja vikatoa mlio. Nikagusa kwa ulimi, haikuchoma. Nilikaa chini kwenye fito nikacheka peke yangu.

Ndipo nikaona magunia. Magunia mawili ya kakao yalikuwa ng'ambo, kwenye ukuta unaopigwa na mvua, mahali ambapo mkausha kakao hayaweki kwa hiari. Ili sabuni zipate upande wa upepo ilibidi kitu kingine kihame. Nikaingiza mkono gunia la kwanza, nikatoa punje chache, nikazivunja. Ndani zilikuwa za kijivu, zimeota ukungu mpaka kwenye kiini. Gunia la pili lilikuwa hivyo hivyo. Mkulima wa kakao huona ukungu siku unapoanza, hasa anayepanda kila asubuhi. Alikuwa ameuona. Aliuacha, akageuza sabuni.

Nilijaza tenga la kwanza huku ule ukungu hauniondoki machoni, nikashuka. Nilikuwa sijafika mbali mvua ikarudi, na kwenye njia ya shamba nikaona jembe lake begani. Amerudi mapema. Nikaingia migombani, nikaweka tenga chini, nikampa mgongo kama inavyotakiwa. Nikasikia hatua zake zinakaribia, na kikohozi. Sikuwa na mama mkwe katikati. Kwa hiyo nikauambia mgomba uliokuwa mbele yangu, kwa sauti ya kusikika, asante sana ya Kinyakyusa:

"Ndaga fijo, tata. Nimeyaona magunia."

Hatua zikasimama. Mvua ilikuwa inapiga majani juu yetu. Akakohoa, kisha akasema, naye nadhani aliuambia mgomba wa upande wake:

"Mwambieni huyo mtu safu ya nyuma bado laini pembeni. Siku tatu tena."

Akaenda zake, nikasikia mlango wa nyumba yake ukifungwa ili nipate kupita. Nikachukua kipande kutoka kwenye tenga, cha safu ya nyuma, nikakibonyeza pembeni kwa kidole gumba. Kidole kiliingia. Mimi fundi, katika furaha yangu, sikuwa nimebonyeza hata kimoja.

Sabuni za kikundi zinatoka zote pamoja, kwa hiyo nikapanda ngazi tena. Nikarudisha kipande kimoja kimoja mahali pake na kijiti chake katikati, nikafunga ghala. Kisha nikaenda kuwaambia akina mama kumi na mmoja waliosimama barazani kwangu na matenga matupu kwamba sabuni zao ni nzima, na kwamba leo hawatazichukua.